Gesi ya Friji Haiishi Kama ya Meko: Jinsi ya Kumlipa Fundi Bila Kulipa Mara Mbili

Ni Jumamosi mchana, Kitengela. Umefungua friji ukapata maziwa yamechacha na nyama inatoa maji, ilhali taa ya ndani bado inawaka. Unampigia fundi ambaye jirani alikupa nambari yake. Anafika, anagusa mabomba ya nyuma, anasema: "Gesi imeisha. Tuma 4,500 nikuwekee." Unatuma, na jioni friji inapoa. Wiki tatu baadaye maziwa yamechacha tena, na simu ya fundi haishikwi.

Hesabu hiyo ni ya mfano, lakini njia ya kupoteza pesa ndiyo hiyo. Leo tujifunze bili ya fundi wa friji inatokana na nini, na ulipe vipi ili pesa yako isitoke mara mbili kwa shida moja. Ikiwa nyumbani au dukani kwako kuna kiyoyozi, somo ni lile lile, kwa sababu kiyoyozi na friji hufanya kazi kwa njia moja.

Gesi ya friji huenda wapi?

Gesi ya meko huwaka, kwa hivyo ni lazima iishe. Ya friji haichomwi. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa: kompresa inaisukuma, inabeba joto kutoka ndani na kulitoa nyuma, kisha inarudi tena. Friji hutoka kiwandani na kipimo chake cha gesi, na inaweza kufanya kazi miaka mingi bila kuongezwa hata kidogo.

Kwa hivyo ukiambiwa gesi imeisha, maana yake ni moja: imevuja. Kuna tundu mahali, na mara nyingi ni sisi wenyewe tumelitoboa tukibandua barafu kwa kisu. Fundi akiongeza gesi bila kuziba tundu, umelipia gesi ya kupotea hewani. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta unaweza kuwa kompresa nzima.

Kazi kamili ya gesi huwa na hatua hizi:

1. Kutafuta panapovuja, mara nyingi kwa povu la sabuni kwenye maungio.
2. Kuziba tundu au kubadilisha bomba.
3. Kuweka filta mpya, kwa sababu mfumo umefunguliwa.
4. Kuvuta hewa na unyevu kwa pampu.
5. Kuweka gesi ya aina inayofaa, kwa kipimo.

Aina na kipimo vimeandikwa kwenye kibandiko cha friji, mara nyingi nyuma au ndani. Friji nyingi za siku hizi hutumia R600a, na nyingi za zamani R134a. Hazichanganywi. R600a huwaka moto, kwa hivyo fundi akifanya kazi, fungua madirisha na uzime jiko. Fundi asiyeuliza wala kuangalia kibandiko, mwulize wewe.

Kabla hujapiga simu

Kuna mambo ambayo unaweza kukagua bila kulipa chochote:

- Stima. Je, taa za nyumba zimefifia? Stima ikiwa chini, kompresa hujaribu kuwaka ikashindwa, na unasikia "tik" kila baada ya dakika chache. Chomoa friji hadi stima itulie. Kifaa cha kuilinda dhidi ya stima ya juu na ya chini kinauzwa maduka mengi ya vifaa vya umeme, na bei yake haikaribii ya kompresa.
- Vumbi. Huku kwetu, kuanzia Noonkopir hadi Isinya na Bissil, vumbi ni la kila siku. Likiganda kwenye mabomba ya nyuma, joto linakosa pa kutokea. Chomoa friji, kisha upanguse kwa brashi laini.
- Mpira wa mlango. Funga mlango juu ya karatasi. Ukiivuta ikatoka bila kushikwa, baridi inapotea hapo.
- Nafasi. Usibandike friji ukutani wala kuiweka juani au karibu na jiko.

Chakula nacho kisikutie haraka. Usipofungua mlango, friji hutunza baridi kwa takriban saa 4, na friza iliyojaa hadi saa 48. Huo ni muda wa kutosha kuwapigia mafundi wawili au watatu na kulinganisha bei.

Bili imegawanyika vipi?

Usikubali bei moja ya jumla. Mwombe fundi aigawanye: pesa ya kuja na kukagua, nauli, spea, na kazi. Anayetoka Kitengela kukufuata Kisaju au mjini Kajiado ana haki ya nauli, lakini mkubaliane kabla hajapanda matatu.

Kwa kawaida mpira wa mlango na thermostati ni kati ya kazi nafuu. Kuziba panapovuja na kuweka gesi hugharimu zaidi, na kubadilisha kompresa ndiko ghali kuliko yote. Kwa hivyo fundi akisema "kompresa imeenda" kabla hajapima chochote, mwombe akuonyeshe alivyojua.

Lipa kwa awamu, na kila awamu iwe na ushahidi

Hapa ndipo simu yako inakuwa risiti yako.

*Awamu ya kwanza: ukaguzi.* Tuma pesa ya kuja na nauli tu. Kisha mwandikie fundi ujumbe: "Nimetuma pesa ya kukagua friji. Nitumie bei ya spea na ya kazi kando." Jibu lake ndilo makubaliano yenu.

*Awamu ya pili: spea.* Ukiweza, lipa dukani moja kwa moja kwa nambari ya Till. Kwa Lipa na M-Pesa kwa Till, mteja hakatwi ada, na ujumbe unaopata una jina la biashara. Omba pia risiti ya duka, kwa sababu spea ikiwa mbovu utairudisha kwa risiti. Fundi akikupa nambari ya "rafiki yangu wa duka", soma jina linalotokea kwenye simu kabla ya kukubali. Lisipolingana na duka, simamisha.

*Awamu ya tatu: kazi.* Hii iache hadi friji ijaribiwe. Kupoa kwa nusu saa hakutoshi. Subiri siku nzima, kisha uangalie: chini iwe nyuzi 4 au pungufu, na friza ifike 18 chini ya sifuri. Mnaweza kukubaliana ulipe nusu siku ya kazi na nusu kesho yake. Uliza pia kazi ina garanti ya muda gani, na aandike kwa ujumbe.

Kumbuka jambo moja ambalo wateja wengi hulichanganya. Ukituma pesa kwa nambari isiyo sahihi kwa M-Pesa, sambaza ujumbe wa muamala kwa 456 mara moja ili uombe irudishwe. Huduma hiyo ni ya makosa ya kutuma. Haiwezi kukurudishia pesa uliyomtumia fundi kwa hiari yako, hata kama kazi ilikuwa mbovu. Ndiyo sababu ulinzi wako ni awamu, wala si kurudisha muamala.

Mkishindwa kuelewana kabisa, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai ya hadi shilingi milioni 1. Huko ujumbe wa muamala na mazungumzo yenu ni ushahidi, kwa hivyo usivifute.

Nitengeneze au ninunue nyingine?

Watu wengi hutumia kipimo hiki: ukarabati ukikaribia nusu ya bei ya friji mpya, na yako imezeeka, weka pesa hiyo kwenye akiba ya kununua mpya. Ukiweka kidogo kila wiki kwenye akaunti ya akiba ya simu, siku kompresa itakapokufa hutalazimika kukopa.

Fundi naye alindwe

Mafundi wengi ni waaminifu, na wengi wamewahi kufanya kazi wakaambiwa "nitakutumia kesho." Kwa hivyo friji ikipoa ilivyokubaliwa, tuma iliyobaki siku ile ile, bila kungoja kukumbushwa. Fundi aliyelipwa vizuri hushika simu. Hifadhi nambari yake, na jirani akikuuliza nani alikutengenezea, utakuwa na jina la kumpa ukiwa na amani.