Mke anasoma, mimi niko mitegoni: jinsi tunavyopanga pesa ya nyumba Wagenia

Kwetu Wagenia, hapa Kisangani, anayesoma ni mke wangu. Anasomea uuguzi mjini, na mimi ndiye ninayebaki na watoto, jiko na mitego ya samaki. Mwanzoni majirani walicheka, hasa waliponikuta sokoni nikibishana na mama muuzaji juu ya kopo la mchele lisilojaa. Siku hizi baadhi yao wananivuta pembeni: "Papa, ninyi mnafanyaje?" Nimejibu kwa mdomo hadi nimechoka, acha niandike.

Nyumba yenye mwanafunzi mzazi ina shida ya udogo wa pesa, ndiyo, lakini nyumba gani mtaani kwetu haina? Shida yake ya pekee ni kwamba pesa inaingia kwa mwendo mmoja na kutoka kwa mwendo mwingine. Mto unatulipa siku kwa siku, kidogo kidogo, kwa franka. Masomo yanakaa kimya miezi, kisha yanadai kwa mkupuo, na yanahesabiwa kwa dola. Ukiziweka zote mfuko mmoja, sufuria itameza ada bila mtu yeyote kuiba. Karibu kila tunalofanya nyumbani ni namna ya kuunganisha miendo hiyo miwili.

Tulianza na karatasi ukutani. Mwaka wa masomo unapofunguliwa, tunakaa na kuandika kila kitu ambacho masomo yatadai hadi likizo kubwa, na mwezi wake: kujiandikisha, ada awamu ya kwanza, awamu ya pili, pesa ya mtihani, silabasi za walimu, fotokopi, blauzi nyeupe ya mazoezi ya hospitali. Usiandike ada peke yake. Ada kila mtu anaikumbuka. Zinazoua nyumba ni silabasi na fotokopi, kwa sababu zinakuja bila kubisha hodi na kila moja inaonekana ndogo. Muulize mtu aliyetangulia mwaka mmoja katika kozi hiyohiyo, maana ndiye anayejua bei ya kweli. Na weka alama nyekundu kwenye wiki za mitihani. Katika vyuo vingi hapa mwanafunzi huonyesha risiti kabla ya kuketi, na asiye na risiti hubaki nje hata kama amekesha akisoma.

Sasa mto. Kwa msiojua, hapa ndipo lilipo poromoko la mwisho kati ya yale saba ya Boyoma, na sisi Waenya tunavua kwa vikapu vikubwa vyenye umbo la koni, vinavyoning'inia kwenye magogo yaliyosimikwa katikati ya miamba na kufungwa kwa kamba za msituni. Kila ukoo una sehemu yake ya kurithi. Tunakwenda kutazama vikapu asubuhi, tena alasiri. Kuna siku kikapu kinatoka na kapiteni wa kubebwa na watu wawili, kuna siku kinatoka na majani. Kwa hiyo bajeti ya "kila mwezi nitapata kiasi hiki", anayoifundisha mtu wa mshahara, kwetu haifai. Sisi tunagawa kwa siku, hapohapo ukingoni, kabla pesa haijafika nyumbani.

Tunafanya hivi. Baada ya mgao wa ukoo, samaki mkubwa anauzwa, haliwi. Nyumbani tunakula ngolo na wadogo wengine. Watoto hawajalalamika, mama yangu ndiye analalamika. Pesa ya siku ya kawaida inakwenda jikoni. Siku ya neema, sehemu ya kawaida inakwenda jikoni vilevile, na yote inayozidi ni ya masomo. Hapo ndipo wengi wanateleza: siku ya samaki mkubwa inakuwa siku ya bia na nyama, eti "leo Mungu ametukumbuka". Mungu ametukumbuka kwa ajili ya awamu ya pili ya ada, ndivyo ninavyoisoma mimi.

Kisha kuna moshi. Umeme wetu unakuja unavyotaka, barafu ni ghali, na samaki mbichi akifika jioni, mnunuzi ndiye anayepanga bei. Badala ya kumtupa kwa bei ya hasara, tunamkausha juu ya moto wa polepole. Samaki wa moshi anasubiri, na wakati mto haukubali ndipo anapouzwa kwa bei nzuri. Kwa nyumba isiyo na mshahara, huyo ndiye akiba ya kwanza, mradi umkinge na unyevu, funza na wageni.

Kuhusu dola nina mengi, kwa sababu hapo ndipo pesa inapovuja bila kelele. Usingoje wiki ya ada ndipo ukimbilie kambisti, yaani mbadilisha pesa, na fungu la franka. Nunua kidogo kidogo, kila neema inapopita, noti ya tano, ya kumi, ya ishirini. Na ikague kabla hujaondoka mezani pake. Hapa kwetu noti ya dola iliyochanika hata kwa upana wa ukucha, yenye mwandiko wa kalamu au iliyochakaa, ni karatasi tu. Aliyekupa atakuambia haijui. Mimi naishika kwa ncha mbili, nainua juani, napitisha kidole gumba pembeni mwote, kisha naikunjua pale katikati inapokunjwa, maana mpasuko huanzia hapo. Kambisti ananuna. Na anune. Ukiwa na simu, akaunti ya dola ya M-Pesa inakuondolea adha hiyo, kwa kuwa dola ya simuni haichaniki. Lakini hesabu makato ya kutoa, usije ukashangaa mbele ya dirisha la malipo.

Ila usigeuze kila kitu kuwa dola. Mwaka 2025 tulijifunza mji mzima: dola iliyokuwa imepita franka 2,800 ilishuka kwa kasi kuelekea mwisho wa mwaka, wakati bei za sokoni hazikuwa na haraka yoyote ya kuifuata. Aliyekuwa ameweka pesa ya mchele katika dola alinunua mchele kidogo. Kinachodaiwa kwa dola kiwekwe kwa dola, kinacholiwa kwa franka kibaki franka. Kubahatisha bei ya dola ni kazi ya wenye mtaji.

Likelemba, ule mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, tunaicheza, lakini kwa masharti. Watu wanaingia na kuchukua zamu yoyote wanayopewa. Wengine wanapenda ya kwanza kwa sababu ya hamu. Mimi naenda na ile karatasi ya ukutani. Naomba zamu inayoangukia mwezi wa kujiandikisha, na naiomba mapema, kabla kundi halijaanza, nikieleza wazi kwamba ni ya masomo. Mama anayeshika daftari la kundi letu anapenda sababu ya namna hiyo, kwa sababu mtu mwenye lengo hatoroki. Kundi liwe dogo, la watu wanaoonana kila siku. Likelemba ya watu usiowajua nyumba zao, mimi siingii.

Tukifika kwenye matanga, hapo hakuna mafundisho ya kitabuni yatakayokusaidia. Mtu wa ukoo akifa Wagenia huwezi kusema "samahani, mke wangu ana mtihani". Utatoa, na utakaa pale usiku. Tulichoamua ni kuwa na kopo la matanga, franka tupu, linalojazwa kidogo kila wiki hata pasipo msiba. Kikitokea kifo, kilichomo ndicho kinachotoka, na nguvu zangu ndizo zinazojazia: nabeba viti, napasua kuni, naleta samaki. Wazee wanaelewa zaidi ya tunavyodhani, ukiwahi kuwaambia kabla. Kabla mwaka wa masomo haujaanza, tulikwenda kwa baba mkubwa na kumweleza jambo lote, mke wangu akipiga magoti kama inavyotakiwa. Tangu hapo ombi linapokuja kwetu, yeye mwenyewe husema, "Hao wana mtoto chuoni." Mtoto mwenyewe ni mama wa watoto, lakini tunashukuru.

Mwanafunzi naye awe na pesa yake mkononi. Si vizuri mtu mzima aombe kila asubuhi nauli na pesa ya maandazi. Inaua heshima, halafu inazaa uongo mdogomdogo. Kila Jumapili baada ya kanisa nampa pesa ya wiki, na humo simuulizi chochote. Akitembea kwa miguu asubuhi na kurudi kwa pikipiki, tofauti ni yake. Yaliyo nje ya pesa hiyo, kama silabasi, tunayazungumza wote wawili na yanakwenda ukutani.

Jikoni nitapita haraka. Mchele tunanunua gunia zima pamoja na shemeji yangu na kugawana, hasa ule unaopanda mto kutoka Isangi, kwa sababu kopo kwa kopo unalipia mara mbili bila kujua. Sombe, majani ya muhogo, inaota nyuma ya nyumba. Makaa nayo ni gunia, kabla ya mvua. Watoto wawili wako shule ya msingi ya serikali, na tangu Septemba 2019 shule hizo hazilipiwi ada, ingawa sare na madaftari bado ni yetu. Mkubwa yuko sekondari, na huko bado tunalipa; naye ana mstari wake kwenye karatasi.

Kuna vitu ambavyo hatuuzi kwa ajili ya ada, na tuliviandika pia, chini kabisa: mtumbwi, vikapu, kamba na sehemu yetu majini. Nimeona nyumba ikiuza mtumbwi ili kumalizia awamu moja. Awamu iliyofuata haikuwa na mtu wa kuileta. Ikibidi kuchagua, afadhali mwanafunzi asimamishe mwaka na kurudi. Vikapu vyenyewe vina gharama, mto unavivunja, kwa hiyo matengenezo yanalipwa kabla ya silabasi. Mke wangu alikubali jambo hilo bila mabishano, na yeye ndiye anayenikumbusha.

Sasa tunaelekea mwaka wa kumalizia, na karatasi imepata mistari mipya: kuchapa kazi ya mwisho, kuijalidi, na siku ya utetezi wenyewe, ambayo kwa desturi yetu haiishi bila vinywaji na sahani za wageni. Hiyo tumeanza kuiwekea tangu sasa, na tumewaambia ndugu wa pande zote mbili kwamba meza itakuwa ndogo. Bokilo wangu mmoja, yaani shemeji, ameahidi kreti ya bia. Nimeiandika ukutani, kwa penseli.