Hiyo Dari ya Mbao, Mdogo Wangu, Usiipake kwa Hasira

Najua unavyoiangalia hiyo dari. Unalala chali usiku, macho juu, mbao zimeiva rangi ya chai iliyokolea, vanishi imebabuka, na mgeni akiingia unaomba asiinue kichwa. Sasa unasema utanunua ndoo moja ya rangi nyeupe ya maji umalize maneno. Keti kwanza tuongee.

Rangi ya maji haishiki juu ya vanishi kuukuu. Pale juu kuna mng'aro, kuna mafuta ya jikoni na masizi ya miaka. Rangi itakaa juu juu tu, halafu ianze kubanduka na kudondokea sahani za wageni wako. Hata ikishika, mbao nyingi zina utomvu wa kahawia unaopenya na kuacha madoa ya manjano. Utapaka tena, yatatokea tena. Wengi wamelizwa na hilo, usijione mjinga. Kama roho yako inataka nyeupe tu, sugua kwanza, kisha tanguliza praima ya mafuta ya kuzuia madoa. Ila ukiniuliza mimi, kuzifunika mbao za mninga kama hizo kwa rangi ni dhuluma.

Kabla ya brashi, panda ngazi na tochi. Ukiona doa jeusi lenye kingo, bati linavuja, na mficha uchi hazai. Ziba bati, mbao zikauke, ndipo urudi. Ukikuta unga laini sakafuni kila asubuhi, kuna mdudu anatafuna. Bonyeza ubao kwa bisibisi. Ikizama, huo ni wa kubadilisha, vanishi haiuponyi.

Halafu osha. Zima meni swichi, maana utakuwa na kitambaa chenye maji karibu na nyaya za taa. Tumia sabuni ya unga kidogo na kitambaa kilichokamuliwa, suuza, acha ikauke vizuri. Usirukie msasa kabla ya kuosha. Utayasugulia mafuta ndani ya mbao.

Kama vanishi bado imeng'ang'ania, wala usijitese kuitoa yote: pitisha msasa namba 180 mpaka mng'aro ufe, inatosha. Palipobabuka ndipo uanze na 80, uende 120, umalizie 180, siku zote ukifuata nyuzi za mbao. Ninakukazania hili kwa sababu ukikatisha nyuzi, mikwaruzo huioni leo. Inajitokeza vanishi mpya ikiingia, wakati shingo inauma na umeshashuka ngazi ukiamini umemaliza. Hapo watu hukata tamaa na kuifukuzia ile ndoo nyeupe. Sugua kipande, pumzika, kesho kingine. Dari haikimbii.

Na pua zako, mpenzi! Vaa barakoa na miwani. Vumbi la mbao peke yake linawasha pua na ngozi, na wewe unalipokea usoni. Kama chini ya vanishi kuna rangi ya zamani sana, usiisugue kavu kabisa, maana huenda ina madini ya risasi, na watoto ndio huumia zaidi. Wahamishie kwa bibi yao mpaka umalize.

Vanishi yenyewe paka nyembamba, mikono miwili au mitatu, ukipitisha msasa 240 kati ya mkono na mkono kila ikikauka. Ukiijaza brashi ili umalize haraka, itachuruzika na kuganda matone.

Neno la mwisho ni la matambara, na hapa sibembelezi. Tambara lililofutia vanishi ya mafuta au mafuta ya kitani hupata joto lenyewe linapokauka. Ukiyakunja na kuyarundika pembeni, yanaweza kuwaka bila kiberiti, nyie mmelala. Yaanike uani, moja moja, mbali na ukuta, yakakamae kabisa ndipo uyatupe.