Kumfundisha Mwanafunzi Kutafuta Kosa: Somo la Upau wa Uchunguzi katika Programu ya Tovuti

Mwalimu wa hesabu akimkuta mtoto ameandika 52 − 27 = 35, haitoshi kumwekea alama ya mkosi. Humtaka aonyeshe njia, na njia ikishaandikwa ubaoni kosa hujitokeza lenyewe: mtoto ametoa 2 katika 7 kwa kuwa 7 ndiyo kubwa. Jibu peke yake lisingetuonyesha hayo. Katika makala haya tunakusudia kueleza namna ya kufundisha jambo hilohilo katika somo la kompyuta, ambamo wanachuo wengi, programu inapokwama, hufuta na kuandika upya bila kuuliza imekwama wapi.

Chombo tutakachokitumia ni upau wa uchunguzi wa Django. Django ni mfumo wa kutengenezea programu za tovuti kwa lugha ya Python. Ulianzia katika ofisi ya gazeti mjini Lawrence, Kansas, nchini Marekani, mwaka 2003, ukatolewa kwa umma mwaka 2005, na hautozwi fedha. Watumiaji wake wa Afrika walifanya mkutano wao Zanzibar mwezi Novemba 2023, kwa hiyo si jambo la ng'ambo tu. Upau wenyewe hupachikwa na mtengenezaji wa programu, nao hutokea kandoni mwa ukurasa katika kivinjari. Ukibonyezwa waonyesha muda uliotumika, mipangilio iliyopo, na kila swali ambalo programu imeiuliza hifadhidata. Yaani, waonyesha njia.

Hapa Nyakato tunatumia programu ndogo ya rejesta: majina 45 ya kubuni, kila jina na kata yake, Nyakato, Buzuruga, Igoma na nyinginezo. Kifurushi cha django-debug-toolbar kikishawekwa, mwanachuo hufungua faili la settings.py na kuongeza debug_toolbar katika orodha ya INSTALLED_APPS, ambamo django.contrib.staticfiles haina budi kuwamo pia. Katika orodha ya MIDDLEWARE huandika debug_toolbar.middleware.DebugToolbarMiddleware karibu na mwanzo, lakini baada ya chochote kinachobana majibu ya seva, kama vile GZipMiddleware, kwani upau hauwezi kujipachika katika ukurasa uliokwisha kubanwa. Njia za upau huongezwa katika urls.py. DEBUG huwekwa kuwa True, na INTERNAL_IPS hupewa anwani 127.0.0.1. Hayo ni ya kunakili tu, wala mwalimu asiyarefushe.

Kiini cha somo ki katika hatua inayofuata. Kompyuta moja ndiyo seva, na nyingine huifikia kwa mtandao wa chumba. Kwenye seva upau waonekana; kwenye kompyuta za pembeni ukurasa uleule wafunguka bila upau. Mara wanachuo watasema kwamba kompyuta hizo ni mbovu, au kwamba kifurushi hakikuwekwa vema, na mmoja atataka kuanza upya. Mwalimu asijibu. Awaulize: ni nini kinachofanana, na ni nini kinachotofautiana? Programu ni moja, ukurasa ni mmoja, kivinjari ni cha aina moja. Kinachobaki ni anwani ya aliyeuomba ukurasa. Basi 127.0.0.1 ni anwani ambayo kila kompyuta hujiita yenyewe. Orodha yenye anwani hiyo pekee humtambua aliyeketi kwenye seva, wala si mwingine. Kila kikundi kitafute anwani ya kompyuta yake, tuseme 192.168.1.14, kiiongeze katika INTERNAL_IPS, kisha kijaribu.

Hapa pana mtego. Ili kompyuta za pembeni ziufungue ukurasa huo, anwani ya seva ilikwisha kuandikwa katika ALLOWED_HOSTS, na wanachuo huzichanganya orodha hizo mbili. Yafaa kuchora mlango ubaoni: orodha moja huuliza mgeni ameita nyumba kwa jina gani, nyingine huuliza mgeni mwenyewe ni nani. Tena umeme ukikatika na kurudi, kifaa kinachogawa anwani chaweza kuzigawa upya, na upau ukatoweka kwa mara ya pili. Kwetu sisi hilo si hasara, ni marudio ya somo yasiyohitaji maandalizi.

Upau ukishaonekana kwa wote, wanachuo wafungue sehemu ya SQL. Kabla ya kubonyeza, kila mmoja aandike daftarini anadhani ukurasa wa rejesta umeiuliza hifadhidata maswali mangapi. Wengi huandika 1 au 2. Upau utaonyesha 46: swali moja la kuleta majina, kisha swali moja kwa kila jina la kuleta kata yake. Ni kama mwalimu anayekwenda ofisini mara 45 kuchukua kadi moja moja. Akiongeza select_related katika ombi la kwanza, majina na kata huja pamoja, na hesabu hushuka hadi 1. Asiyeandika makisio yake kwanza ataiona namba tu, bila kujua imempinga katika lipi.

Tumetumia majina ya kubuni kwa makusudi. DEBUG ikiachwa kuwa True katika programu iliyo wazi kwa umma, kosa lolote humfunulia mgeni vipande vya programu na mipangilio yake, na huenda pia majina ya watoto na mahali wanapokaa. Rejesta ya karatasi hufungiwa kabatini. Hii ya kompyuta, siku itakapotoka chumbani, DEBUG iwe False, na mwanachuo aionyeshe kwa mwalimu kabla ya kuitoa.

Zoezi. Ongeza katika rejesta jina la mzazi wa kila mtoto, likiwa katika jedwali lake, na uondoe select_related. Andika makisio ya idadi ya maswali, ndipo ufungue upau. Kama namba zimetofautiana, eleza kwa sentensi tatu mahali makisio yako yalipoachana na kazi ya programu.