Kufunga tangi la usalama kwenye gari la mashindano: mwongozo kwa gereji ya Bukavu

Mtu wa Kivu Kusini hahitaji kuhadithiwa petroli inafanya nini ikimwagika. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka Sange, kwenye barabara ya Bukavu kwenda Uvira, na moto uliofuata uliua watu zaidi ya 230. Mashindano ya magari nayo yalifunzwa na moto. Tarehe 24 Mei 1964 Fireball Roberts aliungua kwenye ajali huko Charlotte, Marekani, akafariki Julai. Siku sita tu baada ya ajali hiyo, Eddie Sachs na Dave MacDonald walikufa kwa moto Indianapolis. Ndipo mifuko ya mafuta iliyokuwa ikitumika kwenye ndege ikaanza kuingizwa kwenye magari ya mashindano.

Tangi la usalama ni mfuko wa kitambaa kigumu kilichopakwa mpira, umekaa ndani ya sanduku la chuma au alumini na kujazwa sifongo maalum. Tangi la kiwandani likigongwa hupasuka, mfuko hubonyea. Kwa dereva wa Bukavu anayetaka kuvuka mpaka wa Rusizi kwenda Rwanda Mountain Gorilla Rally, au kufika Uganda kwa mashindano ya Pearl of Africa, kifaa hiki ni cha lazima kukijua. Tabu ni kwamba wengi humaliza pesa zote kwenye mfuko, kisha wakaufunga kwa vipande vya bati na waya. Mfuko peke yake haumwokoi mtu.

Hatua ya 1: Soma lebo kabla ya kulipa

Viwango vya FIA, shirikisho la kimataifa la magari, ni vitatu: FT3-1999, FT3.5-1999 na FT5-1999, na kadiri namba inavyopanda ndivyo mfuko unavyokuwa imara. Lebo hubeba pia tarehe ya kutengenezwa. Maisha ya mfuko ni miaka 5 kuanzia tarehe hiyo, si kuanzia siku ulipoufunga, na mtengenezaji anaweza kuongeza miaka 2 akishaukagua mwenyewe. Kwa mzigo unaoshuka Mombasa au Dar es Salaam, ukapita Kigali na kusubiri forodhani, miezi inaliwa njiani. Mwambie muuzaji akupe wa mwaka huu. Mfuko usio na lebo, hata ukiuziwa kwa bei ya bure, uache.

Usiagize mkubwa kuliko haja yako. Lita 60 za petroli zina uzito wa kilo 45 hivi, na uzito huo unakaa nyuma ya gari.

Hatua ya 2: Toa tangi la zamani

Kazi hii ifanyike nje, betri ikiwa imetolewa. Tangi tupu ni la kuogopwa kuliko lililojaa, kwa kuwa kinacholipuka ni mvuke uliochanganyika na hewa, na petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi kali. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hauendi juu ukapotea. Unatambaa chini, na katika mji wa miteremko kama Bukavu unaweza kuteremka hadi kwenye mbabula ya mama anayechoma mahindi chini ya gereji yako. Angalia upepo unaelekea wapi, waarifu majirani, weka kizima moto cha poda karibu na mkono. Tangi la zamani lisipelekwe kwa mchomeleaji, hata kama limekaa tupu mwezi mzima.

Hatua ya 3: Chagua mahali, chomelea, kisha ndipo ulete mfuko

Mahali pazuri ni katikati ya magurudumu ya nyuma, mbele kadiri inavyowezekana. Ukilisogeza tangi hadi kwenye bampa ya nyuma, umeligeuza kuwa bampa. Sanduku lisiachwe likalie sakafu ya buti peke yake, maana bati lile ni jembamba na mawe ya barabara za huku yatalibonyeza. Tengeneza fremu ya chuma iliyoshikwa na chasi, pitisha mikanda ya chuma juu ya sanduku, na kila bolti iwe na washa pana pande zote mbili. Ncha za bolti zielekee mbali na sanduku. Nimeona kazi safi kabisa ambayo bolti moja ndefu ilikuwa imeelekezwa kwenye mfuko kama mkuki.

Kuchomelea, kukata kwa grinda na kupaka rangi kumalizike kwanza. Mfuko ubaki dukani, au nyumbani, mpaka cheche ya mwisho izimike.

Hatua ya 4: Ukuta kati ya mafuta na watu

Kati ya tangi na dereva lazima kuwe na ukuta wa chuma usiopitisha moto wala maji. Kwenye Subaru Impreza au Toyota Corolla, mgongo wa kiti cha nyuma una matundu mengi ambayo macho ya mchana hayayaoni. Subiri usiku. Ingia ndani ya gari, funga milango, mwenzako awashe tochi kali ndani ya buti na kufunga mfuniko. Kila nukta ya mwanga utakayoiona ni njia ya moto. Zizibe kwa bati na ribiti pamoja na gundi inayostahimili moto, kisha rudia jaribio mpaka giza liwe giza.

Hatua ya 5: Ndani ya mfuko

Nawa mikono, vua saa na pete. Sifongo hukatwa kwa kisu kirefu cha meno, likiachiwa nafasi chini ya mdomo wa kujazia na kuzunguka pampu. Likung'ute vumbi lote, kwa sababu vumbi hilo ndilo linaloziba chujio baadaye. Linachukua sehemu ndogo tu ya ujazo, kama asilimia 3, na kazi yake ni kutuliza mafuta yasirukeruke na kuzuia mwako usienee ndani.

Bamba la juu, lile linaloufunga mfuko, likazwe kwa kuvukanisha: nati moja, kisha ya upande wa pili, kwa nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji. Usipake silikoni kwenye gasketi. Petroli inaila.

Hatua ya 6: Tangi lazima lipumue

Hapa ndipo barabara zetu zinapodai kitu ambacho vitabu vya Ulaya havikikazii. Bukavu iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, Uvira karibu mita 800. Ukiteremka kwa barabara ya milima ya Ngomo hadi Uvira, mkandamizo wa hewa nje ya tangi unaongezeka kwa karibu milibari 80. Kama njia ya hewa imeziba kwa tope au kwa valvu iliyoganda, hewa ya nje inaukandamiza mfuko mpaka unajikunja na kuvuta bomba la pampu, na gari linazimika huku dereva akilaumu injini. Ukipanda tena kwa jua kali, mfuko unavimba.

Kanuni za FIA zinataka mambo matatu kwenye njia hiyo: valvu inayojifunga kwa uzito gari likipinduka, valvu ya hewa yenye boya, na valvu ya kupunguzia mkandamizo inayofunguka kabla ya kuzidi milibari 200. Tiyo ya hewa itoke juu ya bamba, izunguke juu ya tangi, kisha ishuke na kuishia nje ya gari, mbali na ekzosi. Weka chujio dogo mwishoni, ulisafishe kila baada ya safari ya vumbi. Valvu ya kupinduka ijaribu mezani: puliza kwa mdomo ikiwa wima, igeuze, puliza tena. Ikipitisha hewa ikiwa kichwa chini, irudishe kwa aliyekuuzia.

Hatua ya 7: Tiyo, pampu na umeme

Tiyo laini za mafuta zistahimili angalau baa 70 kwenye joto la nyuzi 135. Ndani ya chumba cha dereva pasiwe na kiungo chochote isipokuwa kwenye ukuta wa mbele na wa nyuma. Viungo vya koni hukazwa vikiwa vikavu, bila utepe wa fundi bomba. Pampu ifanye kazi injini inapozunguka au inapowashwa tu. Relei inayotegemea injini inatosha. Na unganisha bamba la tangi na mwili wa gari kwa waya, ili umeme tuli upate njia.

Hatua ya 8: Jaza, kagua

Akina Kadhafi, yaani wauza mafuta wa kando ya barabara, wataendelea kuuza petroli ya bidoni, na siku nyingine hakuna petroli nyingine. Basi bidoni iwekwe chini, si ndani ya gari, na mafuta yapite kwenye faneli yenye wavu mwembamba. Kabla ya kumimina, acha kiasi kidogo kwenye chupa angavu kwa robo saa. Maji, kama yamo, yatajikusanya chini. Jaza lita kumi kwanza, zungusha kitambaa kikavu kwenye kila kiungo, ukinuse. Kisha jaza, acha usiku kucha, angalia asubuhi kabla ya kugusa ufunguo.

Kila mwaka fungua bamba. Sifongo likianza kumeguka vidoleni, libadilishe. Mfuko ukifikisha umri wake, ukate vipande kwa kisu kabla ya kuutupa, la sivyo utaukuta mwezi ujao ndani ya gari la mtu mwingine.