Je, majina ya Adamu hadi Nuhu yanaficha unabii?

Swali: Mhubiri mmoja alifundisha kwamba majina kumi ya Mwanzo 5, kuanzia Adamu hadi Nuhu, yakifasiriwa kwa kufuatana yanatoa unabii uliofichwa. Ni kweli?

Jibu: Unabii huo haumo. Ili upatikane, baadhi ya majina hupewa maana ambayo Kiebrania hakiikubali.

Chukua Methusela. Wapo wanaolifasiri jina hili kuwa "kifo chake kitaleta", yaani kitaleta gharika. Hesabu yenyewe inavutia: alimzaa Lameki akiwa na miaka 187, Lameki akamzaa Nuhu akiwa na 182, na gharika ikaja Nuhu akiwa na 600. Jumla ni 969, umri ule ule aliofia Methusela. Lakini sehemu ya kwanza ya jina hilo inatokana na neno la kale la "mtu", si kifo. Ya pili, shelah, ni silaha ya kurushwa. Lameki nalo halina mzizi ulio wazi katika Kiebrania.

Majina mengine yana maana iliyo wazi zaidi: Adamu limefungamana na adama, ardhi. Enoshi ni mwanadamu.

Utajiri mkubwa umo pale mwandishi wa Mwanzo mwenyewe anapoeleza jina. Katika 4:25 Hawa anamwita mwanawe Sethi kwa kuwa Mungu amemwekea mzao mwingine mahali pa Habili aliyeuawa: jina moja limebeba msiba na faraja ya mama. Katika 5:29 Lameki anatarajia kwamba Nuhu atawafariji katika taabu ya ardhi iliyolaaniwa. Kisarufi, Nuhu linakaribia zaidi kitenzi cha kupumzika kuliko cha kufariji. Mwandishi alifuata mlio, na sikio la Kiebrania huupata mara moja.