Kufundisha Mabadiliko ya Tabianchi kwa Watoto wa Bondeni

Mwanafunzi wa darasa la tano anayeishi Jangwani, Dar es Salaam, hahitaji kuambiwa mafuriko ni nini. Desemba 2011 Mto Msimbazi ulifurika. Watu zaidi ya 40 walifariki jijini na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Tukiingia katika darasa kama hilo, kazi yetu si kuwatisha watoto, bali kuwasaidia waelewe wanachokiona.

1. Tutofautishe maneno. Hali ya hewa ni mvua ya leo au jua la kesho. Tabianchi ni mwenendo wa hali hiyo kwa miaka mingi, kwa kawaida 30. Kwa hiyo mvua moja kubwa, peke yake, haithibitishi kwamba tabianchi imebadilika.

2. Tueleze chanzo. Makaa ya mawe, mafuta na gesi vikichomwa hutoa hewa ukaa, ambayo huzuia joto lisitoke duniani, mithili ya blanketi. Kabla ya zama za viwanda, hewa ukaa ilikuwa takriban sehemu 280 katika kila sehemu milioni za hewa. Sasa imepita 420. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, na mvua ikinyesha huwa nzito zaidi.

3. Tuseme ukweli kuhusu haki. Afrika nzima huchangia chini ya asilimia 4 ya hewa ukaa inayozalishwa duniani. Mtoto asirudi nyumbani akidhani jiko la mama yake ndilo lililoharibu dunia. Hata hivyo tusimfiche kwamba taka zinazoziba mitaro huongeza madhara, na kwamba wengi hukaa bondeni kwa sababu ndiko wanakomudu kodi. Papa Fransisko, katika waraka wake *Laudato Si'* wa mwaka 2015, hakutenganisha utunzaji wa mazingira na utetezi wa maskini.

4. Tufanye zoezi. Tukate chupa ya maji sehemu ya juu, tuigeuze iwe kama mrija wa kupokelea mvua, kisha tubandike rula ubavuni. Kila asubuhi wanafunzi wasome milimita na kuandika daftarini.

Tahadhari. Tusimlazimishe mtoto kusimulia msiba wa nyumbani kwao. Anayetaka kusema asikilizwe, anayenyamaza aachwe.

Maswali ya kutafakari

- Maji yakipanda usiku, familia yako itakimbilia wapi?
- Ni jirani gani hawezi kukimbia peke yake, na nani atamsaidia?