Kilo Zilezile, Nguvu Zaidi

Huku Kyela mizani tunaijua. Tunapimia mpunga, tunapimia kakao. Basi mtu akipanda mizani pale zahanati akaona kilo 60 kama mwezi uliopita, anasema: "Aa, sijabadilika." Hapo anaweza kukosea.

Chukua kilo moja ya mchele na kilo moja ya pumba. Mizani itasema ni sawa. Lakini mchele unaingia kwenye bakuli, na pumba zinafika karibu nusu ya ndoo. Mwili nao ni hivyo hivyo. Misuli, yaani ile nyama inayovuta mifupa, imeshikana kuliko mafuta, ingawa tofauti yake si kubwa kama ya mchele na pumba. Mtu anaweza kupunguza kilo mbili za mafuta na kupata kilo mbili za misuli. Mizani haitasogea. Suruali ndiyo italegea kiunoni, na gunia litakuwa jepesi begani.

Nalisema hili kwa kuwa wengi tunaogopa kukonda. Mtu akipungua kidogo tu, maneno yanaanza kijijini. Lakini mwenye nguvu si lazima akonde.

Utaniuliza: "Mimi nalima mpunga na kupiga kasia, mazoezi ya nini tena?" Swali zuri. Mwili ukishauzoea mzigo, hauongezi misuli tena, na jembe lako ni lile lile la mwaka juzi. Halafu mtu akishapita miaka 30 na kitu, misuli huanza kupungua polepole. Baada ya miaka 60 hupungua haraka zaidi. Ndiyo maana utamwona mzee hajakonda, lakini hawezi kuinuka kwenye kigoda bila kushika ukuta. Akianguka, anaweza kuvunjika nyonga. Hilo ndilo la kuogopa kuliko maneno ya kijijini.

Mzigo wa kuanzia unao nyumbani: dumu. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tia lita 5. Mkono mmoja ushike meza, inama kidogo, mgongo unyooke, kisha vuta dumu hadi mbavuni mara 10. Badili mkono. Halafu kaa kwenye kiti na kusimama mara 10 bila kujisukuma kwa mikono. Mwisho, sukuma ukuta kwa mikono miwili, mwili umenyooka kama ubao. Ukuta ukiwa rahisi, egemea ukingo wa mtumbwi uliovutwa mchangani. Pumzika, rudia yote. Usibane pumzi.

Fanya siku mbili au tatu kwa wiki, zisifuatane, kwa sababu misuli hujijenga wakati wa kupumzika. Shirika la Afya Duniani nalo mwaka 2020 lilishauri watu wazima wafanye mazoezi ya misuli siku mbili au zaidi kwa wiki.

Ukifika mara 12 bila kuhangaika, ongeza lita moja. Andika kwenye daftari: tarehe, lita, mara ngapi. Bila kuandika utajidanganya, mimi najua.

Chakula usipunguze. Ndizi na wali vinakupa nguvu ya kazi, lakini kinachojenga misuli ni protini. Iko kwenye maharage, mayai na samaki. Usipa wetu waliokauka vizuri, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Na jamani, mzee asipewe mchuzi mtupu huku vijana wanakula samaki!

Mwenye presha, ngiri, mimba au maumivu ya kifua aulize kwanza zahanati. Na anayekonda bila kujua sababu asianze na dumu, aende akapimwe.

Sasa tafuta kamba. Izungushe kiunoni na kufunga fundo pale inapokutana. Itunze pamoja na daftari. Baada ya miezi mitatu izungushe tena, uone fundo limefika wapi.